Mafunzo ya bure ya wingu yana gharama zake

Mhariri,

Vijana wanaosaka ajira wanaitiwa mafunzo ya bure ya kompyuta ya wingu (kukodi kompyuta na hifadhi kupitia intaneti), kama AWS re/Start ya Amazon: wiki 12 za mfumo endeshi wa Linux, mitandao, lugha ya programu ya Python, usalama na hifadhidata, kisha mtihani wa cheti cha msingi cha AWS, Cloud Practitioner. Maswali ni 65 kwa dakika 90, na kufaulu ni alama 700 kati ya 1,000. Ada ni dola 100. Muulizeni mfadhili mapema kama analipa, na kama atalipa tena mtu akianguka.

Jina la usajili lisipofanana na la kitambulisho, mtahiniwa hurudishwa mlangoni.

Hatari kubwa zaidi ni akaunti binafsi ya mazoezi iliyounganishwa na kadi ya benki. Kuzima seva (kompyuta iliyokodiwa) hakutoshi: diski yake huendelea kutozwa mpaka ifutwe. Wekeni tahadhari ya bajeti siku ya kwanza, hata ya dola 1, mkijua kwamba inaonya tu, haizuii matumizi.

Tunawasihi wafadhili watoe akaunti za maabara zenye kikomo, pamoja na bando la intaneti. Kijana asiye na kazi atalitoa wapi?

Wakufunzi wa TEHAMA,
Nairobi