Malalamiko: Pezi lilichanwa kaunta kwenu, kisha nikaandikiwa "matumizi mabaya"

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: MAPEZI YA KUZAMIA YENYE MPASUO, NA NILIVYOTENDEWA KWENYE KAUNTA YENU

Ndugu Meneja,

Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, na oda yangu mnayo kwenye kumbukumbu zenu, kwa hiyo sitayarudia hapa. Naandika kuhusu pezi la kulia la jozi yangu yenye mpasuo, yaani ile ambayo bapa la kila pezi (sehemu pana inayosukuma maji) limegawanywa mawili kwa makusudi. Pezi hilo lilitoka kiwandani na kasoro. Naandika pia na kuhusu mhudumu wenu aliyelichukua, akalichana zaidi mbele ya macho yangu, kisha akaandika kwenye fomu kwamba mimi ndiye niliyeliharibu.

Naanza na huyo mhudumu, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Mapezi niliyaleta yote mawili, yameoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kivulini, na vile viplastiki vya kulinda umbo vikiwa bado ndani ya mifuko ya miguu (sehemu ya kuingiza mguu). Nikamwonyesha mahali penyewe: mwisho wa mpasuo, pale mabapa mawili yanapokutana mbele ya vidole. Palikuwa na mchaniko wa milimita 4. Nilikuwa nimeupima kwa rula na kuupiga picha. Hakuuliza swali hata moja. Aliliweka pezi sakafuni, akaukanyaga mfuko wa mguu kwa kiatu chake, akashika bapa moja kwa kila mkono na kuyavuta huku na huku kama mtu anayechana kitambaa. Mchaniko ukafika milimita 15. Akasema, "Unaona? Ukilivuta linachanika. Ndivyo ulivyofanya." Akaandika "matumizi mabaya" na kunisogezea kalamu nitie sahihi.

Kwa heshima zote, hicho si kipimo cha chochote. Majini hakuna nguvu inayoyavuta mabapa kwenda pembeni kwa namna hiyo. Mguu unaposhuka, maji huyakunja mabapa yote mawili kuelekea upande mmoja, kila bapa likijizungusha kidogo, na sehemu ya maji hupita katikati. Ndiyo maana ukinzani hupungua na goti hupumzika. Anayetaka kulipima pezi la aina hii hushika mfuko wa mguu kwa mkono mmoja, akakunja ncha za mabapa polepole kwa mkono mwingine, akaangalia kama yote mawili yanajikunja sawa na kurudi sawa. Bapa moja likiwa laini kuliko jenzake, pezi litakwenda upande na kifundo cha mguu kitalazimika kulirudisha kila teke, mpaka shavu la mguu likaze. Baada ya hapo huangalia mwisho wa mpasuo kwa tochi. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili, na haihitaji kumkanyagia mteja mali yake.

Angelitazama tu, angeona chanzo. Kwenye pezi la kushoto mwisho wa mpasuo umeviringwa vizuri na ukingo wake ni mnene. Kwenye la kulia umeishia kwa kona kali, na ndani ya kona hiyo kuna kijiukingo cha mpira kilichobaki kutoka kwenye kalibu bila kukatwa. Kila pezi likijikunja, nguvu hukusanyika kwenye kona. Mviringo huitawanya, kona kali huikusanya mahali pamoja, na mchaniko huanzia hapohapo. Hilo ni kosa la kiwanda, na fundi yeyote wa vifaa vya mpira atawaambia hivyo.

Mchaniko unaosababishwa na mtumiaji nao una alama zake. Mtu aliyetembea juu ya mawe akiwa amevaa mapezi atakuwa na mikwaruzo kwenye ncha na chini ya mfuko wa mguu. Aliyeyasimamisha kwa ncha zake kwa muda mrefu, au kuyaacha ndani ya gari juani, mabapa yake yatakuwa yamepinda na hayanyooki tena. Mpira uliozeeshwa na jua huwa na vijiufa vidogo uso mzima, hauchaniki mahali pamoja tu. Mapezi yangu hayakuwa na alama hata moja kati ya hizo. Fomu yenu ina nafasi ya kueleza hali ya bidhaa. Nafasi hiyo mhudumu wenu aliiacha tupu.

Na hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu kisa hiki hakikuanzia kwenye kaunta.

Wakati wa kuagiza niliandika kwa maneno yasiyo na utata: mapezi yenye mpasuo kwa sababu ya magoti, ya kisigino wazi, ya mpira mzito, si ya plastiki, kwa kuwa huvaliwa na suti kavu (suti ya kuzamia isiyoingiza maji), na ya kuingia buti za neopreni (mpira laini wenye povu) za milimita 5. Yaliyoletwa mara ya kwanza yalikuwa ya plastiki, tena kwa saizi ya kiatu cha kawaida cha barabarani. Aliyeyafunga hakujua, au hakujali, kwamba pezi la kisigino wazi huchaguliwa kwa kipimo cha buti. Unavaa buti iliyolowa, unasukuma mguu hadi mwisho, vidole vifike karibu na tundu la mbele bila kubanwa, na mfuko uishie kabla ya kisigino. Ukitikisa mguu, pezi lisicheze kushoto na kulia. Mfuko ukibana, unyayo hukakamaa ukiwa chini majini. Ukilegea, nusu ya teke hupotelea ndani ya mfuko na ngozi huchubuka. Suala la plastiki nalo si la rangi wala mtindo. Hewa ya suti kavu hukimbilia miguuni mzamiaji akiinamisha kichwa, na pezi jepesi huisaidia kuinua miguu juu, wakati pezi zito la mpira huishikilia chini. Niliyarudisha ndipo mkaniletea haya, gharama ya kusafirisha nikalipa mimi. Hiyo hamjanirudishia mpaka leo.

Kwa simu, hiyo ilikuwa kabla sijaja kaunta, mfanyakazi wenu mwingine aliniambia nichukue ya bapa zima tu, yasiyo na mpasuo, kwa sababu "yote ni mapezi." Ndugu Meneja, mnauza vifaa ambavyo mtu huingia navyo chini ya maji. Bapa zima hudai nguvu nyingi kwa kila teke, na nguvu hiyo hupita gotini. Mpasuo hutaka mateke mafupi ya haraka yanayoanzia nyongani, mguu ukiwa karibu umenyooka. Mwenye kuogelea kwa teke la chura (kusukuma miguu pembeni kama chura), mwenye kuingia ndani ya mapango au meli zilizozama, au mwenye kuhitaji kurudi kinyumenyume juu ya tope laini, huyo simshauri mpasuo hata kidogo: mabapa humwaga maji, tope huinuka, na kamba huweza kunasa katikati. Maswali manne yanatosha kumjua mnunuzi: unapigaje teke, unazamia wapi, unavaa suti gani, buti yako ina unene gani. Kwenu sikuulizwa hata moja, na nilipoyajibu bila kuulizwa hayakusomwa.

Mhudumu wa kaunta alidai pia kwamba huenda nilipiga teke la chura ndipo pezi likachanika. Teke la chura kwa mapezi ya mpasuo halikupeleki mbali, hilo ni kweli. Lakini halichani mpira mzima usio na kasoro.

Narudia tena kilichotokea, kwa sababu majibu yenu ya barua pepe yanasema "bidhaa ilipokelewa ikiwa imechanika." Ilipokelewa ikiwa na mchaniko wa milimita 4. Iliondoka mikononi mwa mtu wenu ikiwa na wa milimita 15. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna kiatu chake juu ya mfuko wa mguu na mikono yake miwili juu ya mabapa, na wateja waliokuwa kwenye foleni walitazama yote. Nilimwambia aache. Nilisema, "Tafadhali usilivute, liko chini ya dhamana." Alivuta tena. Alipomaliza hakuniomba radhi, aliitwa na mwenzake wakacheka, na fomu ikabaki mbele yangu ikinitaka nikiri kosa lake. Sikuitia sahihi na sitaitia.

Nilipoanza kuwasiliana nanyi niliomba pezi moja tu la kubadilisha. Sasa sitaki pezi moja. Pezi jipya la kulia kutoka toleo jingine linaweza kuwa na ugumu tofauti na la kushoto lililokwisha kutumika, na jozi isiyolingana ni hatari ya namna yake. Nataka bei yote ya jozi irudishwe, pamoja na gharama ya kusafirisha ya mara ya kwanza. Nataka maneno "matumizi mabaya" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu na nipewe uthibitisho wa maandishi. Nataka pia mkague jozi zote za toleo hilo zilizobaki ghalani, kila pezi, mwisho wa mpasuo. Mkiona kona kali au kijiukingo cha kalibu, jozi hiyo isiuzwe. Mtu akipotelewa na nguvu ya mguu mmoja katikati ya mkondo, fomu yenu haitamsaidia.

Pezi lenyewe msilitupe wala kulirekebisha. Linabaki kuwa ushahidi, na picha zake za kabla na baada ninazo, zenye rula pembeni.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila fedha kurudi, picha hizo zitakwenda kwa mtengenezaji, na malalamiko yatafika kwenye mamlaka ya kulinda walaji. Mkinijibu tena kwa ile barua pepe ya kunakili na kubandika, sitasubiri hata hizo siku 14: nitafungua madai mahakamani, na humo nitadai pia fidia ya kudhalilishwa mbele ya watu, jambo ambalo mpaka sasa sikuwa nimelitia kwenye hesabu.

Nasubiri jibu lenye jina na cheo cha aliyeliandika.

Wenu,
Mteja mwenye oda iliyoambatishwa hapa chini.

Viambatisho: picha za pezi la kulia kabla na baada ya kaunta, picha ya pezi la kushoto kwa kulinganisha, nakala ya oda, risiti ya usafirishaji, na fomu isiyotiwa sahihi.