Sharti la bidhaa za ndani lipime kazi, si hisa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie masharti ya kutumia bidhaa za ndani katika miradi mikubwa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inamtaka mwekezaji atangulize bidhaa na huduma za Watanzania, na pale zisipopatikana, mzabuni wa nje aungane na kampuni ya hapa itakayokuwa na hisa zisizopungua asilimia 25. Nia ni njema, lakini hisa hazitengenezi hata boliti moja. Kampuni inaweza kutimiza sharti hilo kwenye karatasi huku ikibaki dalali wa kuagiza mizigo.

Litazame bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mabomba yenyewe yameagizwa kutoka nje, ila kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yakipoa, hayana budi kuvikwa tabaka la kuhifadhi joto, na kiwanda cha kazi hiyo kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Huo ndio ujuzi ninaousemea. Lakini bomba likikamilika kiwanda hicho kitafanya nini, maana mradi mmoja hauwezi kukilisha miaka ishirini?

Naishauri Wizara ya Nishati ipime thamani inayoongezwa nchini, itangaze mapema mahitaji ya miradi ijayo ili wenye viwanda wajiandae, na kila kinga iwekewe ukomo, kwani mzalishaji anayelindwa daima hana sababu ya kuboresha bidhaa wala kupunguza bei.

Msomaji wako,
Tanga