Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bagamoyo, Januari 2025

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa mliokaa upande wa pili wa ukumbi, Bwana asifiwe. (Kila mwaka nasalimia mara mbili, na kila mwaka kuna wanaoitikia zote mbili wasije wakapitwa.)

Fedha nizimalize haraka. Mweka hazina atawasomea mapato na matumizi baada yangu. Risiti zimo kwenye faili, na mwenye shaka aje azikague leo hii, asingoje kunung'unikia kwenye kundi la WhatsApp. Fedha zetu zilikwisha kwenye sabuni, maji na nauli za bodaboda. Ziara za wodini zilikwenda kila Jumamosi, tukakosa mbili tu.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Usiku wa mkesha, Desemba 31, 2023, mhubiri aliuliza nani yuko tayari kujiweka wakfu kwa utumishi mwaka mzima. Mikono ilisimama kama mikoko. Katibu wetu, ambaye hana mzaha na kalamu, akayaandika majina palepale: 43. Wengine walilia. Mimi pia nililia. Januari mambo yalikwenda vizuri, mpaka zamu zikagombaniwa. Februari watu wakaanza kupungua, kwanza kwa udhuru, mara harusi, mara msiba, mara ada ya mtoto, kisha bila udhuru wowote. Kufikia Pasaka tulikuwa 17.

Mkitafuta waliopungua, anzeni na mimi. Nilipangiwa bibi mmoja wa Nianjema, mjane, kila Jumatano: madumu mawili ya maji, nguo za kufua, na Zaburi moja ya kumsomea kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho. Jumatano ya Majivu sikwenda, nilikuwa kanisani napakwa majivu. Iliyofuata nilikuwa na wageni. Ya tatu sikumbuki nilikuwa na nini. Kwaresima nzima ikaisha nikiwa nafunga, nasali na kutoa sadaka, na kwa bibi sijafika.

Nilikwenda baada ya Pasaka. Nilijiandaa kwa lawama, sikuzipata. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nilidhani umesafiri." Pipa lake lilikuwa limejaa. Jirani yake, mama wa Kiislamu, ndiye aliyekuwa akimchotea. Ramadhani ya mwaka jana iliingia ndani ya Kwaresima yetu, na kila magharibi mama huyo alipofuturu, bibi alipata sahani yake ya muhogo wa nazi, naye wala hakuwa amefunga. Jina la mama huyo halimo kwenye orodha ya katibu.

Wazee wetu wa mji huu walijua habari za kubeba. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na wapo wanaosema hata jina lake linatokana na wapagazi waliobwaga mioyo walipoiona bahari. Februari 24 mwaka jana ilitimia miaka 150 tangu mwili wa mmisionari David Livingstone ufikishwe hapa mwaka 1874 na kulazwa misheni, kule ambako mpaka leo tunaonyeshwa mnara unaoitwa kwa jina lake. Wengi tulikwenda kupiga picha. Mimi nilibaki nikiwaza waliombeba. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga kama mzigo wa biashara na kutembea nao karibu miezi tisa. Walipofika Tabora walimkuta msafiri Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapohapo. Ushauri wenyewe haukuwa wa kipumbavu, kwani njia ilikuwa mbaya na watu wamechoka. Walikataa. Walipoufikisha pwani ukachukuliwa na meli, wao wakalipwa ujira wao wakatawanyika. Aprili 18 Livingstone akazikwa Westminster, na Chuma na Susi hawakuwepo mazishini.

Tabora yetu sisi ilikuwa masika. Mvua za mwaka jana mnazikumbuka, na mwanzoni mwa Mei tukatangaziwa kimbunga Hidaya. Hapo kila mtu alipata sababu nzuri ya kubwaga mzigo, na simlaumu mama aliyebaki na wanawe ndani. Lakini vijana wetu watatu walitoka siku hiyo hiyo, wakahamisha kitanda cha mzee mmoja wa Magomeni ambaye chumba chake kilikuwa kimeingiwa na maji. Hakuna aliyewatuma. Wawili kati yao hawakunyoosha mkono kwenye mkesha, walikuwa nje wakilinda pikipiki.

Kwa hiyo kamati ilikaa Novemba, tukabishana mpaka saa nne usiku, na tumekuja na pendekezo. Kwenye mkesha wa juzi, kama mlivyoona, hatukuomba mikono. Badala yake kuna daftari. Anayetaka kujitoa ataandika mambo matatu: nyumba anayoihudumia, siku yake, na jina la mwenzi wa kupokezana naye siku akiugua au akisafiri. Wapagazi walipokezana, hakuna bega linalofika pwani peke yake. Ahadi yenyewe itakuwa ya hadi Pasaka tu, Aprili 20. Pasaka tunafungua daftari tena, na asiyeweza kuendelea afute jina lake bila kuulizwa maswali, ili nyumba yake ipewe mtu mwingine mapema.

Mzee wetu mmoja wa kamati hakukubali, na ameniruhusu niseme. Anasema nadhiri kwa Mungu haikodishwi kwa miezi mitatu kama chumba, na kwamba Paulo alipowaandikia Warumi watoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai hakuwawekea tarehe ya mwisho. Sina jibu zuri la kumpa. Nilichomwambia ni kwamba John Wesley alianza ibada yake ya agano mwaka 1755, na Wamethodisti wengi huirudia kila mwanzo wa mwaka. Kama agano lisingechakaa, wangelirudia kwa nini? Mzee akacheka, akasema hilo ni la kwao Wamethodisti. Mtapiga kura wenyewe baada ya chai.

Mengine ni madogo. Ndoo mbili zilizoazimwa kwenye msiba wa Oktoba hazijarudi, na aliyezichukua anajijua. Sare mpya zitasubiri. Mimi sioni haraka yake, ingawa akina mama wa kitengo cha chakula wana maoni tofauti, na wameyatoa kwa sauti.

Daftari liko mezani kwa katibu, pamoja na kalamu mbili. Mstari wa kwanza nimeujaza mimi: Nianjema, Jumatano. Nafasi ya mwenzi wa kupokezana bado iko wazi.