Swahiba, kapime usingizi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na Mzee goti lake linaendelea vizuri. Mengine baadaye.

Shemeji amenipigia simu. Tafadhali usimkasirikie. Anasema unakoroma, kisha ghafla kimya, pumzi hakuna, halafu unashtuka ukitweta. Na juzi ulisinzia kwenye usukani ukitoka zamu ya usiku. Hilo la usukani limeninyima raha kabisa.

Kliniki tunawaona wengi wa namna hii, wachapakazi wanaoamka kichwa kinauma na mdomo umekauka, wakadhani ni uchovu wa kazi tu. Misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikaziba, pumzi ikakatika sekunde 10 au zaidi, mpaka ubongo ukuzindue bila wewe kujua. Pumzi ikikatika hivyo mara 30 kwa saa, hali hiyo tunaihesabu kuwa kali. Na hiyo presha yako inayokataa kushuka hata kwa dawa, mimi naishuku hapo hapo.

Sisi wauguzi tuna maswali 8. Unakoroma? Mchana unachoka? Kuna aliyeona pumzi ikikatika? Una presha? Kisha unene, umri kupita miaka 50, shingo kupita sentimita 40, na kama u mwanaume. Ndiyo 5 na kuendelea ni hatari kubwa. Manne ya mwanzo yote unayo, na u mwanaume. Tayari 5, shingo hata sijaigusa!

Maswali hayathibitishi ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini. Kinachothibitisha ni kipimo cha usingizi. Ukikutwa nao, huenda ukapewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Wengi huichoka mapema kwa sababu barakoa inabana au inavujisha hewa, wakaitupa kabatini bila kumwambia mtu. Wewe niambie mimi, saizi hubadilishwa. Kwa sasa lala ubavu, pombe ya jioni acha, dawa za usingizi usiguse. Na gari, ndugu yangu, ukitoka zamu usiendeshe. Yule jirani yenu, si mnatoka kazini wakati mmoja? Akurudishe yeye.

Utaenda lini? Msimamizi atakupa ruhusa, au nikuandikie barua? Usiku bado unaamka mara kwa mara kwenda kukojoa? Na shemeji, anayekaa macho kuihesabu pumzi yako, yeye analala saa ngapi? Nijibu kabla ya zamu yako ijayo.

Wako,
Muuguzi wako