Asiyeamini Mungu naye huaminika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye safu hii kwamba mtu asiyemwamini Mungu hana kinachomzuia kuiba, kudanganya wala kuwatelekeza wazazi wake, kwa hiyo si wa kukabidhiwa jambo. Mimi ni muumini na nasali kila siku. Ila nina mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, na yeye haamini.

Baba yetu alipopofuka aliomba kitu kimoja tu: asomewe Zaburi kila usiku kabla ya kulala. Tukagawana zamu. Mimi, nakiri, nikichoka nilichagua zaburi fupi, na nikiona amesinzia nafunga kitabu. Mdogo wangu hakuwahi kufupisha. Alianza Zaburi ya kwanza akawa anazifuata moja baada ya nyingine, kidole chini ya mstari, polepole, bila kuguna.

Usiku mmoja nilikuwa nimesimama mlangoni alipofika Zaburi ya 14: “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Alisita katikati ya mstari. Kisha akausoma wote, kwa sauti ileile, akaendelea na unaofuata. Alipomaliza baba akamwambia, “Ungeuruka, mwanangu, nisingekulaumu.” Akajibu, “Ni Zaburi yako, baba. Si yangu kuipunguza.”

Sasa namwuliza ndugu yangu aliyeandika: ni nini kilichomzuia kuuruka?

Simfanyi malaika. Mwaka ambao mwanangu aliugua sana, mdogo wangu alinikuta nimepiga magoti akaniambia naongea na dari. Neno lile liliniingia kama mwiba, na kwa muda mrefu salamu zetu zilikuwa za kulazimishana. Wasioamini wanaosoma barua hii nawaomba walielewe hilo: mtu akiwa kwenye sala hajakualika kwenye mdahalo. Kumwita mjinga wakati huo ni kumpiga aliyeinama.

Nami nina yangu. Nilikuwa nikimtumbukizia vipeperushi vya mahubiri mfukoni bila yeye kujua. Siku moja mezani, mbele ya wageni, nikamtaka aongoze sala, nikijua fika kwamba hawezi. Alikataa kwa upole, nami nikasema ana kiburi. Imenichukua miaka kuona kwamba alichokataa ni kumdanganya Mungu wangu mbele yangu. Sala ya mdomoni ya mtu asiyeiamini ingemfaa nani? Hata Qurani, ambayo si kitabu cha dini yangu, inasema wazi katika sura ya 2, aya ya 256, kwamba hakuna kulazimisha katika dini.

Hoja hii ya kwamba asiyeamini haaminiki ni kongwe. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge nchini Uingereza mwaka 1880, naye alikuwa hamwamini Mungu na hakuficha. Aliomba athibitishe kwa neno lake badala ya kuapa kwa jina la Mungu. Alikataliwa, na mvutano ukaendelea hadi mwaka 1886 ndipo akaruhusiwa kukalia kiti chake, na wapiga kura wake walikuwa wamemchagua tena na tena. Mwaka 1888 ikapita sheria, yeye mwenyewe akiipigania, iliyowaruhusu watu kuthibitisha bila kuapa. Kwangu mimi mtu anayesema “siwezi kuapa kwa nisiyemwamini” amekwisha kunionyesha kwamba neno lake lina uzito.

Na upande wa pili, wasioamini, wakipata nguvu? Albania mwaka 1967 ilifunga misikiti na makanisa yote, na watu walisali kwa kujificha mpaka marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1990. Kwa hiyo hakuna kati yetu mwenye haki ya kumnyooshea mwenzake kidole. Kifungu cha 18 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinalinda uhuru wa mawazo, dhamiri na dini kwa pamoja, na mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaeleza kwamba ulinzi wa namna hiyo humhusu pia asiye na dini yoyote. Mlango ukibomolewa kwake, na wangu uko wazi.

Sijaacha kumwombea mdogo wangu. Yeye anajua, na siku hizi haniambii neno. Nami vipeperushi nimeacha. Baba alipofariki tuligawana vitu vyake vichache, na Biblia ile aliichukua yeye. Mimi ndiye muumini, nilidhani ingekuja kwangu. Nilitaka kumwuliza anaipeleka wapi, nikaona amekwisha kuifunga kwenye kitambaa, nikamsaidia kukaza fundo.

Msomaji wenu wa siku nyingi