Barua kwa Mwanangu: Anayeuliza Ndiye Anayelipa

Likoni, Mombasa
Jumapili jioni

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa Jumanne niliupata, ule wa kuniomba shilingi 500 za kufungulia akaunti katika tovuti ya hojaji ambayo, kwa maelezo yako, ingekulipa shilingi 3,000 kwa wiki ukiwa umekaa kitandani mwako huko Eldoret. Sikukujibu siku ile kwa sababu jambo lenyewe si la maneno mawili, na nikikutumia sauti najua utaisikiliza kwa kasi maradufu huku ukipiga pasi. Nimeona heri niandike, na karatasi hii niitie katika kifurushi cha basi la kesho pamoja na achari na kashata ulizoagiza.

Sisemi kwamba kulipwa kwa kutoa maoni ni uongo. Karo yako ya shule ya msingi ilitoka huko huko. Miaka tisa nilikuwa mhojaji, nikizunguka na hojaji za karatasi, na baadaye na simu ya ofisi, kutoka Kinango hadi Magarini, nikiwauliza watu wanafulia sabuni gani, wanasikiliza redio ipi, wanapikia kuni au gesi. Kila niliyemhoji alielezwa kwanza kazi ni ya nani, itachukua dakika ngapi na majibu yake yatafanyiwa nini, na alikuwa na haki ya kukataa hata katikati ya mazungumzo. Wengine tuliwaachia mche wa sabuni, wengine tuliwatumia salio la simu la shilingi 50. Sikubisha hodi hata siku moja nikamwambia mtu anipe 500 kwanza ndipo nimwulize anakunywa chai ya majani gani. Kule Kinango wangenifungulia mbwa.

Na sababu si adabu tu, ni hesabu. Kampuni ya mafuta ya kupikia inayotaka kujua kwa nini watu wa Pwani wameacha kununua dumu la lita tatu huilipa kampuni ya utafiti, nayo kampuni ya utafiti humtengea mhojiwa sehemu ndogo ya malipo hayo. Pesa inateremka kutoka kwa mwenye swali kwenda kwa mwenye jibu. Ukiona imegeuka, inapanda kutoka kwako kwenda kwao, elewa kwamba majibu yako hayana mnunuzi, na kwamba biashara yenyewe ni hizo 500, hata wazipe jina gani: ada ya usajili, ya uhakiki, ya kufungulia akaunti, ya mafunzo au ya kodi.

Jana baada ya magharibi niliifungua hiyo tovuti yako kwa simu ya babako. Iliniomba jina na nambari ya simu, ikanipa zawadi ya shilingi 500 za kuanzia, zile za kusomeka kwenye skrini tu, kisha ikaniletea hojaji ya kwanza: je, unapenda soda? Ndiyo, hapana, sijui. Swali la pili: soda ipi? Swali la tatu: una umri gani? Hapo nikaandika kwamba nina miaka 9. Likaja swali la watoto, nikaandika kumi na mmoja. Kazi yangu, rubani. Mtoto wa miaka tisa, rubani, mama wa watoto kumi na mmoja, na skrini ikaniandikia “Hongera!” na kuniongezea shilingi 150. Nikajibu nyingine tatu bila hata kuzisoma, salio likafika 1,100. Wakati wetu karatasi ya namna ile isingefika hata kwa msimamizi, ningerudishwa kijijini kwa nauli yangu mwenyewe. Hojaji za kweli hutegewa mitego midogo: katikati ya maswali unaambiwa uchague jibu la nne ili wajue kama unasoma, au swali lile lile la umri linarudi kwa sura nyingine mwishoni. Pale ambapo hakuna anayejali umejibu nini, hakuna anayeyasoma majibu, na ambaye hayasomi hawezi kuwa anayanunua.

Jambo la pili nililoliona ni kwamba tovuti hiyo haikunikataa. Najua wewe na wenzako mnalalamika kuwa tovuti nyingine huwaambia, baada ya maswali matatu, “samahani, hufai kwa hojaji hii,” na mnachukulia kuwa huo ndio wizi. Udhia ni udhia, sikatai, na kampuni ikikuacha ujibu dakika kumi na tano ndipo ikuchuje bila senti imekudhulumu hata kama ni kampuni ya kweli. Lakini kuchujwa kwenyewe ni dalili njema. Anayetafiti nepi za watoto anataka wazazi wenye watoto wachanga, na wewe barobaro wa chuo humfai. Mtafiti akishapata wanaume wa miaka 18 hadi 24 wa kutosha huufunga mlango, na siku hiyo hata angekuwa shemeji yako hakuchukui. Kwa hiyo tovuti yenye hojaji kumi kila asubuhi, zote zinazokufaa wewe, haifanyi utafiti wa soko lolote hapa duniani.

Ndiyo maana pia malipo ya kweli ni madogo na hayana ratiba. GeoPoll, kwa mfano, imekuwa ikiwauliza watu maswali kwa ujumbe mfupi hapa Kenya na kuwalipa kwa salio la simu, kiasi cha kuongea na mamako dakika chache. Ipsos, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa 1975 na yenye ofisi Nairobi, ina jopo lake la mtandaoni, yaani kundi la watu waliojisajili kuulizwa, ambapo unakusanya pointi polepole. Kuna Prolific ya Uingereza, iliyoanza 2014, inayowaunganisha watafiti wa vyuo vikuu na washiriki, nayo hupokea watu wa nchi ilizozitaja tu na haioni haya kukuweka kwenye orodha ya kungojea. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuahidi mshahara. Hojaji ya robo saa ikikupa nusu dola au dola moja, hiyo ndiyo bei yake, na mwezi mwingine haiji hata moja. Wana kiwango cha chini cha kutolea pesa, hilo ni la kawaida na lisikutie shaka, lakini gharama ya kutuma, kama ipo, hukatwa katika pesa zako zilizokwisha kuwamo. Tovuti yako nilipobonyeza kutoa iliniambia kwamba salio langu la 1,100 liko salama, kiwango cha kutoa ni 3,000, na akaunti haijafunguliwa mpaka nilipe 500.

Tena uangalie jina linapotajwa. Matapeli wamejifunza kuazima majina makubwa, na wengi wanaoandika Telegram au WhatsApp kwamba wao ni mawakala wa kampuni fulani hawajawahi kukanyaga hata ngazi za ofisi zake. Usipite kwenye kiungo walichokutumia. Andika anwani ya kampuni mwenyewe, uone kama huko wanalijua jopo hilo.

Utaniambia kwamba mwenzako wa chumbani amelipwa, na picha ya ujumbe wa M-Pesa umenitumia. Nimeikuza picha ile mpaka herufi zikawa kama vibanda. Alipokea 200, kisha 200, kisha 200, mara tano, na kila mara zimetoka kwenye nambari ya mtu binafsi, jina la kwanza na la pili, si la kampuni. Sasa fanya hesabu na mamako: kila anayemwalika analipa 500, yeye anapewa 200, mwenye tovuti anabaki na 300. Elfu moja aliyopata ni ya vijana watano aliowaingiza yeye, na wewe ulikuwa uwe wa sita. Hakuna hata shilingi moja pale iliyotokana na swali la soda. Huo ni upatu uliovishwa kanzu ya utafiti, na simlaumu kijana wa watu kwa kuwa naye ameona pesa na hajaona zinakotoka. Lakini wale watano watatafuta watu wao, na chuo kizima kina vyumba vingapi?

Lipo na hili la akaunti za Marekani, ambalo umeligusia kwa mbali ukidhani sitalielewa. Nimeambiwa kuna wanaouza akaunti zilizokwisha kuthibitishwa kwa jina la mtu wa huko, pamoja na programu ya kuificha simu yako ionekane iko Texas, kwa kuwa hojaji za Wamarekani hulipa zaidi. Hapo, babangu, tovuti inaweza kuwa ya kweli kabisa na tapeli ukawa wewe. Mtu anaulizwa hospitali gani iko karibu na kwake, naye anajibu kutoka hosteli ya Eldoret. Wakigundua, na hugundua zaidi siku ya kutoa pesa, akaunti hufungwa na salio lote huondoka, na aliyekuuzia amekwisha kula zake na huna pa kumshitaki.

Fedha, hata hivyo, si zinazonikosesha usingizi. Katika ukurasa wa usajili, chini kabisa, tovuti ile inataka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na picha yako ukiwa umekishika kifuani. Mhojaji hana kazi na kitambulisho. Sisi tuliandika umri, jinsia, kata na kiwango cha elimu, na jina la mtu lilikaa kwenye karatasi ya kando, mbali na majibu yake, ili hata aliyepiga chapa asijue nani kasema nini. Kampuni ya kweli inaweza kuhitaji kuhakikisha kwamba wewe ni mtu mmoja na si kumi, na huenda ikaomba uthibitisho kabla ya kukulipa, lakini hufanya hivyo ikiwa na jina, anwani na maelezo ya nini kitahifadhiwa na kwa muda gani. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kuuliza hayo, na Ofisi ya Kamishna wa Data ina rejista ya waliojisajili kwake ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Niliitafuta tovuti yako humo, sikuiona.

Unakumbuka Worldcoin, mwaka 2023? Vijana walipanga foleni KICC pale Nairobi wapigwe picha za mboni za macho, wapewe sarafu za mtandaoni za thamani ya shilingi 7,000 hivi, mpaka serikali ikasimamisha shughuli ile tarehe 2 Agosti. Mahakama Kuu haikuamuru data zile zifutwe mpaka Mei 2025. Wale walikuwa kampuni yenye jina na mawakili, na bado ilichukua karibu miaka miwili. Huyu wa kwako mwenye nambari ya simu tu, utampeleka mahakama gani?

Nisijifanye nilizaliwa najua. Ulipokuwa darasa la tatu, kabla sijapata kazi ya uhojaji, niliitwa ukumbini hapa mjini pamoja na wanawake wengine wapatao sitini, tukaambiwa kuna kazi ya utafiti ya miezi sita na kwamba kila mmoja atoe 1,000 za beji na mafunzo. Nilizikopa kwa bibi yako, Mungu amrehemu. Beji nilipewa, na kamba yake ya buluu, na siku ya mafunzo ukumbi ulikuwa na kufuli. Ile beji iko mpaka leo kwenye droo ya cherehani, na bibi yako hakuniuliza deni lake hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko kama angeliuliza.

Basi zile 500 sitakutumia, na kama umekwisha kuzikopa kwa mtu na kuzituma, niambie bila kuona haya. Ujumbe wa muamala huo upeleke kwa 456 ya Safaricom uombe urejeshewe, ingawa wajanja hawa huzitoa dakika ile ile, na nambari ya aliyekuomba iripoti kwa 333. Ukipenda hojaji, jisajili kwa wale wasiokudai kitu, tumia barua pepe ya pembeni, usitoe PIN ya M-Pesa wala nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yako, na kiasi cha kwanza ukikipata kitoe mara moja kabla hujaendelea kujibu.

La haraka ni moja. Hukuniambia kama ile picha ya kitambulisho umekwisha kuipeleka au bado. Kitambulisho kilicho mikononi mwa mwizi kinaweza kusajili laini ya simu, na laini ikakopa kwa jina lako. Ukimaliza kusoma hapa, kabla hujafungua achari, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha uniandikie idadi. Ninazozijua mimi ni mbili.

Mamako.