Hofu ni kwako

Somo yangu mpenzi,

Salamu sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali nami, na safari hii hofu ni kwako kwelikweli. Shemeji ameniambia kwamba tangu sauti ikukauke pale mkutanoni umeapa hutasimama tena mbele ya watu, na eti unajiita mwoga. Nilicheka, kisha nikakasirika.

Unamjua Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza? Alisogeza uso kwenye kioo kinene katika bustani ya wanyama ya London, ng'ambo yuko kifutu, naye ameazimia hatarudi nyuma. Nyoka alipochomoka tu, azimio likayeyuka, bwana akajikuta ameruka nyuma yadi moja au mbili. Aliyaandika mwenyewe mwaka 1872. Kioo alikiona, ila mwili haukungoja ushauri.

Ndiyo yaliyokukuta. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kitu kidogo umbo la lozi, amigdala, kinachoweza kupiga mbiu kabla akili haijamaliza kufikiri. Adrenalini, homoni inayouandaa mwili kwa hatari, inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli. Mate yanakauka kwa sababu anayejiandaa kukimbia hana haja ya kusaga chakula. Basi mdomo wako ulikuwa kazini, somo!

Utasema: watu si nyoka. Sawa, lakini wazee wetu wa kale waliishi vikundi vidogo, na kutengwa na kikundi kulikaribia kuwa kifo. Macho mengi yakikukodolea, mbiu inalia. Tena aliyekimbia bure alipoteza jasho tu. Ambaye hakukimbia siku ya chui hakuacha watoto. Sisi sote ni vitukuu vya waoga, usijipe sifa peke yako.

Hata malaika ya mwili kusimama ni urithi huo. Paka akitishwa manyoya humtutumua akaonekana mkubwa. Sisi tumebaki na vipele, tunamtisha nani?

Ila shemeji asije akautetea wivu wake kwa hoja hii. Jambo kuwa la kale si ruhusa. Na lile la juzi… basi, tutaongea.

Mate yalikauka kabla hujasimama au baada? Ulimalizia hotuba au ulikaa? Nani alicheka, ni yule ninayemdhani? Mkutano mwingine lini, na nikija kukaa mstari wa mbele utanifukuza?

Wako, somo